Kumsoma "Maurice" wa Forster: fuata majina

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya sura ya kwanza. Matoleo mengi ya *Maurice*, riwaya kuhusu mwanamume wa Kiingereza anayewapenda wanaume, yana utangulizi wa mhakiki, na mhakiki huyo humwaga mwisho wote wa hadithi kabla hujamjua hata mhusika mmoja. Uruke. Nyuma ya kitabu kuna maelezo ya mwandishi mwenyewe, E. M. Forster, ya Septemba 1960. Hayo nayo yaache hadi umalize, kwa kuwa yanamtaka msomaji aliyekwisha kukasirika na kusamehe. Kazi iko katikati: sura 46, nyingi fupi, katika sehemu nne. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu atosheke na sura tatu nne kwa kikao, na apumzike kila sehemu inapoisha. Mwisho wa kila sehemu kuna mlango unaofungwa, na ukipita mbio hutasikia ukifungwa.

Kosa la pili ni kutafuta mahaba tangu mwanzo. Maurice Hall si kijana mwenye mvuto wa maneno. Ni mzito wa kuelewa, ana majivuno ya tabaka la kati, anapenda kula na kucheza, na kichwa chake huchukua miaka kutambua jambo ambalo mwili ulishalijua. Forster alimtengeneza hivyo makusudi. Alitaka mtu asiyefanana naye hata kidogo: mwenye sura nzuri na afya, akili iliyosinzia, mfanyabiashara asiye mbaya, mwenye kujiona kiasi. Wasomaji wengi humchoka kwa sababu wanangoja mtu mwerevu wa kuwaeleza hisia zake. Hataeleza. Hana maneno, na riwaya nzima inahusu mtu anayeyatafuta maneno hayo gizani.

Ndiyo maana ushauri wa wanaokirudia kitabu hiki ni huu: mahaba yaache yaje yenyewe, fuata majina. Nani anamwita nani vipi, lini jina linabadilika, nani anakosea jina la nani. Chukua penseli na uweke alama kila jina linapogeuka. Mabadiliko makubwa yote ya kitabu yanapita humo.

Anza pwani. Maurice ana miaka 14 na miezi 9, anamaliza shule ya kuandaa wavulana kwa sekondari, hana baba. Mwalimu mmoja, Bwana Ducie, anamchukua matembezini ufukweni ili amfunze mambo ya mwanamume na mwanamke, na kwa ncha ya fimbo anachora michoro mchangani. Anasema kuhusu ndoa kwa heshima kubwa, kisha anamkaribisha Maurice chakula cha jioni, siku kama hiyo miaka kumi baadaye, aje na mkewe. Wakiwa wanaondoka, Ducie anakumbuka kwamba hakuifuta michoro, na nyuma yao kuna watu wanakuja. Anababaika. Hapo hapo mtoto anagundua kwamba mwalimu ni mwoga, na kwamba kwa yote aliyoyasema hakumwambia kitu. Weka alama kwenye ukurasa huo, pamoja na ule mwaliko wa chakula. Utaurudia.

Kisha Cambridge. Wavulana wa tabaka lile, miaka ile, waliitana kwa jina la ukoo: Hall, Durham, Risley. Jina la kwanza lilikuwa la nyumbani, la mama na dada. Msomaji wa Kiswahili hupitwa na jambo hili kwa sababu kwetu jina la kwanza ndilo la kila siku, na heshima tunaiweka kwingine, kwenye shikamoo, kwenye bwana, kwenye mama fulani. Kwa hiyo Clive Durham, anayekutana na Maurice akitafuta roli za kinanda kinachojipiga chenyewe ili asikie muziki wa Tchaikovsky, kwa muda mrefu ni "Durham" tu. Darasani mkuu mmoja wa chuo anawaambia wanaotafsiri Kigiriki waruke sehemu inayotaja uovu usiotamkika wa Wagiriki. Clive anamshauri Maurice asome kitabu cha Plato kuhusu mapenzi. Baadaye anamwambia waziwazi kwamba anampenda, na Maurice anajibu kama mtu aliyekanyagwa: wewe ni Mwingereza, na mimi ni Mwingereza, acha upuuzi.

Baada ya majuma ya mateso Maurice anapanda dirishani mwa Clive usiku, na wakati anatua ndani anasikia jina lake la kwanza likiitwa kutoka ndotoni. Si Hall. Ni Maurice. Hilo ndilo busu lenyewe la sehemu ya kwanza, na asiyefuata majina atalipita akidhani bado anasubiri.

Hapa tafsiri ya Kiswahili ingekumbana na tatizo la ajabu. Kiingereza kinalazimisha jinsia kwenye kila sentensi, kila kiwakilishi kinakumbusha kwamba huyu ni mwanamume na yule pia. Kwetu "alimpenda" haisemi nani. Unaweza kusoma kurasa mbili kwa sauti kibarazani na mpita njia asijue kama Clive ni wa kike au wa kiume. Ni maficho ya bure ambayo Forster hakuwa nayo. Lakini yanapunguza makali pia, kwa sababu katika Kiingereza makali yako palepale kwenye vijineno vidogo. Mfasiri mzuri angelazimika kuyarudisha kwa majina, kuyataja mara nyingi kuliko Kiswahili kinavyopenda.

Tatizo la pili la tafsiri ni neno lenyewe. "Shoga" lilikuwa, na kwa wanawake wengi wa pwani bado ni, neno tamu la rafiki wa kike. Likielekezwa kwa mwanamume linageuka jiwe. "Mapenzi ya jinsia moja" ni lugha ya gazeti na ya mahakama. Maurice hana hata hayo. Anapokwenda kwa daktari wa familia kujieleza, anachoweza kusema ni kwamba yeye ni mmoja wa wale wasiotajwa, wa aina ya Oscar Wilde. Jina la mtu aliyefungwa ndilo jina la hali yake. Daktari anamfokea kwamba huo ni upuuzi mtupu na hataki kuusikia tena.

Wilde, mwandishi, alihukumiwa 1895 kifungo cha miaka miwili na kazi ngumu, kwa kifungu cha 11 cha sheria ya Uingereza ya 1885 kilichohusu "vitendo vya aibu kubwa" kati ya wanaume, hadharani au faraghani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokifanya kifungu kile kuitwa hati ya wanyang'anyi: mtumishi, mwenzako wa usiku mmoja, karani aliyeona barua, kila mmoja alikuwa na kamba ya kukufunga nayo. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinabeba maneno yale yale ya hadharani au faraghani, adhabu ikiwa miaka 5, na Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukiondoa. Tanzania nayo ilirithi kutoka kapu lile lile la kikoloni. Uingereza na Wales zenyewe zililegeza 1967 tu, kwa waliotimiza miaka 21, tena faraghani.

Ndani ya hali hiyo ndipo Forster alipoandika. Mwaka 1913 alimtembelea Edward Carpenter huko Millthorpe, Derbyshire, mwandishi aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenzake George Merrill, mtu aliyekulia katika mitaa ya kimaskini ya Sheffield. Merrill alimgusa Forster juu kidogo ya makalio. Forster anasema mguso ule ulipita mgongoni moja kwa moja hadi kwenye mawazo bila kuhusisha akili, na kwamba hapo kitabu kikatunga mimba. Alikimaliza 1914, akakipa wakfu "kwa mwaka wenye furaha zaidi", akakificha. Marafiki walikisoma kikiwa mswada, Christopher Isherwood miaka ya 1930 akiwa mmoja wao, na Forster aliendelea kukirekebisha, hasa upande wa Alec Scudder, mpenzi wa baadaye wa Maurice. Juu ya nakala moja aliandika kwamba kinachapishika, lakini je, kuna faida? Alikufa Juni 1970. Kilitoka 1971. Umuone pia huyo mtu wa Sheffield: tofauti ya tabaka ilikuwamo tangu siku ya kwanza, haikubandikwa baadaye ili kupata mwisho mzuri.

Turudi kwa Clive, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotoshwa na filamu. Filamu ya 1987 iliyoongozwa na James Ivory ni nzuri, James Wilby na Hugh Grant wanaigiza vizuri, lakini imeongeza kitu ambacho hakimo kitabuni: Risley, mwenzao wa Cambridge, anakamatwa na kushtakiwa, na Clive anaogopa. Ukitoka kwenye filamu utajieleza kwamba Clive alimwacha Maurice kwa hofu ya jela. Kitabuni hakuna kesi. Clive anaugua homa, anakwenda Ugiriki, nchi iliyomfundisha mapenzi yake kwa vitabu, na akiwa amekaa kwenye magofu ya jumba la maonyesho Athens anaandika barua kwamba amekuwa mtu wa kawaida, bila kutaka. Hakuna sababu. Wasomaji hukasirika na kudai sababu. Forster alikubali baadaye kwamba huenda alimwonea Clive sehemu za mwisho. Lakini kutokuwepo kwa sababu ndiko kunakouma. Maurice angeshindana na polisi, ila hawezi kushindana na mtu ambaye asubuhi moja ameamka mwingine.

Usimfanye Clive mwovu, basi. Na usimfanye kuwa kitabu kizima. Kuna wanaosoma hadi anapooa, wakakifunga wakiamini wamesoma hadithi ya huzuni kuhusu mapenzi yaliyoshindwa. Wameishia njiani.

Penge ni nyumba ya ukoo wa Clive, mpakani mwa Wiltshire na Somerset, yenye jina kubwa na paa linalovuja. Clive sasa ana mke, Anne, na anataka ubunge. Maurice ni dalali wa hisa London, na anakuja kama mgeni. Kuna kijana anayefanya kazi chini ya mlinzi wa mawindo; hao ndio wanaolea ndege wa kupigwa risasi na matajiri, kufukuza wawindaji haramu, kubeba bunduki za wageni. Jina lake la kazi ni Scudder. Soma polepole kila mstari anamotajwa mwanzoni, kwa sababu Forster anampitisha kama fanicha, mkono tu pembeni mwa picha. Anakataa bakshishi, na Maurice anaona ni utovu wa adabu. Maurice huyu, anayeteseka kwa kutokubaliwa, hana shida yoyote kumdharau mtu wa chini yake. Ukipita hapo bila kuona, mwisho wa kitabu utakuwa hekaya.

Katikati ya haya Maurice anakwenda London kwa mtaalamu wa kulaza watu kwa maneno, Bwana Lasker Jones. Anauliza kama tatizo lake lina jina. Anaambiwa lina, na ni la kuzaliwa nalo, kwa istilahi ndefu ya kitaalamu. Anauliza, la kuzaliwa kiasi gani? Ni mzaha mdogo na mchungu: hatimaye amepewa jina, na halimsaidii kitu. Mara ya kwanza analazwa kidogo. Mara ya pili hashikiki hata chembe, na kilichobadilika katikati ni Alec. Mganga huyo, tofauti na daktari wa familia, hamfokei. Anamshauri ahamie Ufaransa au Italia, ambako sheria haiingilii, kwa kuwa Uingereza haijawahi kupenda kukubali maumbile ya binadamu.

Usiku wa ngazi ndio unaotaka penseli kuliko yote. Maurice amesimama dirishani Penge na kuita gizani, njoo, bila kujua anamwita nani. Ngazi inaegemezwa ukutani. Anayeingia anamuuliza, kwa Kiingereza cha shamba kisicho sanifu: bwana, ulikuwa unaniita? Asubuhi wanazungumza kama watu waliokutana kituoni.

— Jina lako nani?

— Mimi Scudder.

— Hilo nalijua. Lile jingine.

— Alec tu.

— Jina zuri.

— Ni jina langu tu, basi.

Maurice anasema yeye anaitwa Maurice. Alec anaendelea kumwita Mr Hall. Wamekwisha kulala pamoja, na bado jina halijavuka. Mfasiri atavutwa kumpa Alec lahaja, Kimvita au Sheng ya Eastlands, ili tofauti ya tabaka isikike. Asifanye hivyo. Ampe "bwana" na amwache aitumie mara nyingi mno, hata mahali isipofaa. Kiswahili kinajua kudhalilisha na kubembeleza kwa neno hilo moja.

Kisha hofu inapanda. Alec anaandika barua ya kumwomba waonane kwenye kibanda cha mashua, Maurice haendi. Barua inayofuata ina vitisho. Wanakutana British Museum. Wasomaji wengi huiona hii kama ajali katika hadithi tamu. Kwa kweli ndiyo sura iliyo ngumu na bora kuliko zote. Alec ana hasira ya mtu aliyetumiwa na kutupwa, na sheria ya 1885 imemwekea silaha mkononi. Wanazunguka kati ya masanamu, mbele ya fahali mkubwa wa Ashuru mwenye mabawa, na katikati ya vitisho wanasimama kuhesabu miguu. Ni mitano. (Wachongaji walitaka anayetazama mbele aone miwili na anayetazama ubavuni aone minne, kwa hiyo mmoja ukazidi.) Kuhesabu miguu ndiko kunakovunja vitisho, kwa sababu kwa dakika moja wanakuwa watu wawili wanaoshangaa kitu kimoja.

Hapo anatokea mzee mmoja akimtambua Maurice kwa mbali. Ni Ducie, yule wa fimbo na mchanga, na miaka kumi imekaribia kutimia. Anajaribu kukumbuka jina, anakosea kabisa. Maurice anamsahihisha: jina langu ni Scudder. Alec anapinga, anasema huyu si Scudder, na ana shtaka zito dhidi yake. Maurice anakubali kwamba ni zito sana, huku ameweka mkono begani kwa Alec, vidole vikigusa shingo. Mwalimu aliyemwahidi chakula cha jioni pamoja na mke anaondoka bila kuelewa alichokiona.

Kujikubali, kama kumo kitabuni, kumo hapo, katika uongo wa maneno manne. Hakuna hotuba. Maurice hasemi yeye ni nani. Anachukua jina la mtumishi na kulivaa mbele ya mtu aliyemfunza kuona haya.

Gharama inafuata mara moja, na Forster haifichi: Maurice lazima aache kazi, mama, dada, marafiki, klabu, kila kitu kinachofanya "Hall" kuwa neno lenye maana. Alec anatakiwa kupanda meli Southampton kwenda Argentina, ambako ndugu yake ana kazi ya kumpa. Maurice anakwenda bandarini kumuaga, Alec hatokei, meli inang'oa nanga. Wanakutana kwenye kibanda cha mashua Penge, na Alec anasema hawataachana tena, basi imekwisha. Lytton Strachey, mwandishi na rafiki wa Forster aliyesoma mswada 1915, alibashiri kwamba wale wawili wangeachana baada ya miezi 6 kwa kukosa mambo ya pamoja. Forster, akikumbuka barua ile miaka 45 baadaye, alisema Strachey alitoa wiki 6. Kumbukumbu ilikuwa imepunguza muda. Ni wazi ilimuuma.

Kama unadhani mwisho ni wa kubembeleza, jua kwamba Forster aliufikiri upande wa pili pia. Aliandika hitimisho ambamo dada mmoja wa Maurice, miaka ikiwa imepita, anawakuta msituni wakikata kuni. Waliolisoma hawakulipenda, akaliondoa. Hadithi iko kama 1912, kwa hiyo miaka kadhaa mbele ingewatumbukiza kwenye vita. Kuhusu mwisho wa furaha alikuwa mkali: bila huo asingejisumbua kuandika, na ndio uliokizuia kitabu kuchapishwa. Kama angewanyonga wote wawili, au kumfunga mmoja, wachapishaji wasingekuwa na tatizo. Na kuhusu sheria hakuwa na ndoto. Mwaka 1960 aliandika kwamba Clive ataendelea kukaa kiti cha hakimu akimhukumu Alec kizimbani, na Maurice huenda akaponyoka.

Sura ya mwisho isome mara mbili. Maurice anakuja usiku bustanini kumwambia Clive ukweli wote, kisha anatoweka, na Clive, akidhani bado anazungumza na mtu, anamkaribisha chakula cha jioni wiki ijayo mjini. Chini pamebaki rundo dogo la petali za ua la jioni. Clive anarudi ndani kusahihisha karatasi zake na kutafuta namna ya kuuficha ukweli. Kama umefuata majina kwa penseli tangu ufukweni, angalia neno la mwisho kabisa la riwaya. Si Maurice, wala Alec. Ni Anne.